Klostra za Sufu

Kama kuna kitu kinachonitia kinyaa duniani, ni toshoni ya jikoni. Nayasema haya nikiwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Kamina, niliyekwisha kuona vidonda, maiti, na choo cha stesheni siku treni imechelewa. Vyote hivyo nilivistahimili. Lakini kile kitambaa cha rangi isiyojulikana kinachoning'inia karibu na babula, jiko letu la makaa, kinanishinda. Kinafuta meza, kinafuta pua ya mtoto, kinafuta kisu kilichopasua samaki wa Bukama, halafu hicho hicho kinashika sufuria ya bukari, ugali wa wageni. Na asiye na toshoni anainua sufuria kwa pindo la kitenge chake, kitenge alichokalia sokoni tangu asubuhi. Nimekula kwenye nyumba za namna hiyo kwa adabu, nikimeza bila kutafuna.

Ndiyo sababu nilianza kufuma vitambaa vya kushikia sufuria. Shuleni masista walitufundisha kufuma soksi za watoto wachanga, kazi ya bure kabisa katika mji ambao soksi zina maana Juni tu, baridi inapouma asubuhi. Niliziacha soksi, nikabaki na sindano. Uzi niliutoa kwenye masweta ya mitumba, nikiyafumua mkono kwa mkono. Hapo pia kuna uchafu wake. Sweta la Mzungu asiyejulikana linakuja na jasho lake, na nywele, na mara moja na bandeji mfukoni. Nilikuwa nachemsha uzi kwa sabuni na majivu mpaka unukie majivu tu.

Na si kila sweta. Unachukua ncha ya uzi, unaichoma. Ikinuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, hiyo ni sufu, nunua. Ikidondoka tone jeusi lenye harufu ya ndoo ya plastiki, mrudishie mwenye mali. Ndugu zangu hawasikii. Binti yangu alipoolewa, watu walimletea vishikio vya dukani vya nyuzi zinazong'aa, waridi na manjano, vizuri kama keki. Siku ya kwanza kimoja kiliyeyuka kwenye mdomo wa sufuria, na tone likaingia ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wakatoa tone kwa kijiko, wakala. Niliposimuliwa, nilisikia ladha ya plastiki ulimini mwangu, na mimi hata sikuwapo.

Vyangu vilikuwa vya namna nyingine. Sikufuma maua, maana maua yaliyofumwa yananichosha, yanafanana na kabichi. Nilifuma majengo. Usicheke. Kanisa moja la hapa lina paa lililokunjwa kama karatasi, juu chini, juu chini, na mimi nilikuwa nalihesabu wakati padri anahubiri. Nilipofika nyumbani, nililifuma kwa nyeusi na nyeupe, likawa kiweko cha chungu. Mahangari ya ndege ya kambi ya jeshi, yale yenye mgongo wa duara, niliyafanya kifuniko cha kikapu cha bukari. Lakini jengo nililolipenda kuliko yote lilikuwa ofisi ya zamani kwenye njia ya kutoka stesheni.

Lilijengwa wakati wa Wabelgiji, na upande mmoja wote ulikuwa klostra, yaani matofali ya saruji yenye matundu ya kupitisha hewa. Kila tofali lilikuwa na msonge, yaani mraba uliosimama kwa pembe, ndani ya mraba, na ndani ya msonge mraba mwingine mdogo. Nikiwa msichana nilikaa kwenye kivuli chake na beseni la samaki la mama yangu, na jua lilikuwa linapita matunduni na kuchora vipande vya mwanga juu ya miguu yangu. Samaki walinuka, nzi walikuwa nzi, lakini ukuta ule ulikuwa safi. Sijui namna nyingine ya kusema. Kulikuwa na kitu kimoja safi mbele ya macho yangu, na nilikitazama.

Baadaye mfanyabiashara mmoja alilinunua lile jengo. Akataka vioo vya buluu, maana sasa kila mwenye pesa Kamina anataka kukaa ndani ya chupa. Nilipita siku wanavunja. Vijana watatu au wanne, nyundo nzito, vumbi mpaka barabarani, na wao wanacheka. Kijana aliyekuwa juu kabisa alipiga tofali moja pigo la kwanza, la pili, likaanguka zima na kupasukia miguuni pangu. Alinipungia mkono. Nilitema mate chini, sijawahi kutema mate barabarani kabla ya siku ile. Leo watu wanaokaa nyuma ya vile vioo wanaiva kama viazi, na chini ya dirisha kuna mfereji wa maji ya kunawa miguu.

Kijana yule ndiye aliyemwoa binti yangu.

Alikuwa mwashi, mtoto wa askari, amezaliwa kambini na wazazi waliotoka mbali. Sikukataa. Binti alimtaka, mahari ililetwa kwa heshima, na marehemu mume wangu hakuwapo wa kunisaidia kununa. Nilifanya lililo langu: nilimfumia binti yangu jiko zima. Viweko, vifuniko, vishikio. Na kishikio kikubwa kuliko vyote, cha kushika sufuria ya bukari, nilikifuma kwa ule ukuta uliovunjwa, msonge ndani ya mraba na mraba ndani ya msonge, sufu nyeupe na nyeusi, mara mbili kwa unene ili moto usipenye.

Nieleze hapa jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini baadaye nilivimba kwa hasira kiasi kile. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani. Nikimwona njiani, najifunika kitenge usoni na kugeuka. Naye anashuka kwenye pikipiki na kungoja nipite. Sisemi naye, hasemi nami. Hali hiyo inakwisha siku ninapompikia chakula rasmi, kuku mzima, na kumwita ale nyumbani kwangu. Kabla ya chakula hicho yeye hali kwangu, na mimi siingii nyumbani kwake. Hata binti yangu akiwa ndani mgonjwa, nasimama barabarani.

Kwa hiyo mkwe wangu hakuujua uso wangu; siku ile ya nyundo alimpungia mpita njia tu. Alijua kazi ya mikono yangu tu. Kila alipokaa mezani, mimi nilikuwa pale, chini ya chungu chake. Ndivyo nilivyojiambia nilipokuwa nafuma.

Binti alipata mimba, na chakula kikapangwa baada ya mvua za kwanza. Tayari nilikuwa na jogoo na kuku jike nyumbani, nawalisha vizuri. Basi siku moja niko sokoni, nachagua nyanya, nikaona pikipiki yake imeegeshwa, naijua kwa utepe mwekundu kwenye usukani. Nikajifunika. Lakini jicho moja lilibaki nje, na jicho hilo liliona kitu kimebanwa chini ya kiti. Kitambaa. Cheusi tititi, kimelowa, kinadondosha mafuta machafu ya injini, yale tunayoita vidanji. Nzi walikuwa wamekwama juu yake. Na kwenye ukingo mmoja, sehemu ndogo ambayo mafuta hayajafika, niliona kona ya mraba mweupe.

Niliacha nyanya, nikaenda nyuma ya kibanda cha chumvi na kutapika, mtu mzima mimi, mbele ya wauza chumvi. Harufu ile ilinifuata mpaka nyumbani. Nilinawa mikono ingawa sikukigusa kitu kile. Nilinawa tena. Nilimwona akiinua kiti, anakitoa kishikio changu, anapangusia chuma, anakirudisha. Sikumwona kwa macho, lakini nilimwona.

Jioni nilimwita wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ndiye anayebeba maneno kati ya nyumba yetu na ile ya mkwe.

"Chakula hakuna," nilimwambia. "Umuambie."

"Ju ya nini, mulamu?" aliuliza, maana wifi kwetu ni mulamu.

"Anapangusia pikipiki na kazi ya mikono yangu. Minyi siwezi kumupikia muntu wa vile. Nikitia kuku mu sufuria, nitasikia vidanji tu."

Wifi yangu alishika kiuno. "Weye uko na roho nguvu. Mutoto iko na mimba ya kwanza. Mama ya bwana yake haiko hapa, jeshi ilishamuhamisha mbali na kambi. Atazala na nani kule? Na bantu ba barabara?"

Nilijua. Usidhani sikujua. Nyumba yao iko upande wa kambi, mbali na kwangu, na kwetu mtoto wa kwanza anapokelewa mikononi mwa mama wa binti. Kila siku niliyokataa kupika, nilikuwa nafunga mlango ambao mimi mwenyewe nilitaka kuingia. Lakini kinyaa si kitu cha kusemeshwa. Hakina masikio.

Binti yangu alikuja mwenyewe, bado aliweza kupanda pikipiki, amekaa upande, miguu imeanza kujaa maji. Nilimuuliza kishikio kiko wapi.

"Ilipotea, mama. Sijue ilienda wapi."

Alisema bila kuniangalia. Nikamwona kama mwongo, na kinyaa kikamgusa hata yeye, mtoto wangu. Alikohoa muda wote aliokaa kwangu. Nilimpa chai, sikumpa neno zuri. Aliondoka amenuna, na mimi nikasugua kikombe alichonywea kana kwamba nacho kimeguswa na mafuta.

Wiki zilipita. Tumbo lake likashuka, hakuweza tena kuja. Wifi yangu alikuwa ananiletea habari: hapati usingizi, moshi wa jikoni unamkaba, analia ovyo. Mimi nafuma. Nilifuma kwa hasira mpaka vitanzi vikakaza na sindano zikalia. Mwishowe wifi yangu alichoka nami. Asubuhi moja alifika uani akasema, "Nimekuya naye. Iko nyuma ya jiko. Weye utabakia ndani, yeye inje. Munaongea na kuku."

Hiyo ipo kwetu. Ukiwa na neno zito na mkwe, hulisemi kwake, unalisema kwa kitu kilichopo, naye anasikia. Wengine wanasema na mlango, au na mbuzi. Sisi tulikuwa na yule kuku jike, amefungwa mguu mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mimi nilikaa kwenye kigoda ndani, na kivuli cha mtu kikasimama upande wa pili wa ukuta.

"Weye kuku," nilisema, "umuulize huyu muntu, ile kitambaa yangu ilimukosea nini."

Kuku alidonoa punje. Nje, mtu alikohoa.

"Kuku, umuambie mama, samahani. Minyi sikupangusia pikipiki. Ile ilikuwa modeli."

"Kuku, umuulize, modeli ya nini?"

"Ya klostra. Dirisha ya jiko yetu iko tundu tu, tuliiziba na mabati, moshi haitoke. Bibi yangu anakohoa. Njo nikawaza nitengeneze klostra kama ile ya kitambaa. Nilikata mbao ya kumwanga simenti. Mbao tunaipakala vidanji, ju simenti isikamate. Na kila mara ninaweka kitambaa juu, ninapima kama matundu iko sawa. Njo ikalowa. Bibi hajue, niliificha ku pikipiki. Nilimuambia ilipotea, ju nilitaka akute tu iko kwenye ukuta."

Ningesema hapo kwamba moyo ulilainika, lakini ningedanganya. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba bado kinanuka. Jambo la pili lilinipandisha damu kichwani.

"Kuku, umuulize huyu muntu kama anajua ile fomu minyi niliitosha wapi."

"Sijue."

"Umuambie ku ofisi ya kule ku stesheni. Ile ukuta alivunja na nyundo, akinipungia mukono."

Kivuli hakikusogea. Kuku alijisaidia pale pale mlangoni, katikati yetu, na hakuna aliyeweza kumfukuza kwa kuwa ndiye tuliyekuwa tunasema naye.

"Kuku," alisema mwishowe, polepole, "umuambie mama, balinituma."

Jibu lile pia lilinikera. Kila anayevunja kitu mji huu ametumwa. Lakini binti yangu alikuwa anakohoa, na mtu huyu, kwa akili zake na mafuta yake machafu, alikuwa ametafuta kitu cha kumtolea moshi, wakati mimi mama yake nimekaa natema mate kwa mbali. Nilimwambia kuku kwamba chakula ni keshokutwa.

Nilimchinja yeye mwenyewe, yule mpeleka maneno. Nilipomtoa manyoya na matumbo, ile harufu ya moto ya ndani ya kuku ilinipanda puani, na nikawaza kwamba maneno yetu yote yamo humo. Nilimpika mzima, na firigisi juu kama inavyotakiwa. Mkwe alikaa mezani kwangu, ameoga, lakini chini ya kucha zake mlikuwa na weusi ambao sabuni haiutoi. Alikula. Alikula vizuri, akavunja mifupa. Wifi yangu akaniondoa kitenge usoni, na kwa mara ya kwanza tuliangaliana. Alikuwa mtoto tu, masikio makubwa.

"Asanti, mama," alisema.

Niliitikia kwa kichwa. Maneno yangu ya kwanza kwake yalikuwa bado hayajapatikana, maana kila nililolishika lilikuwa la hasira.

Hatukumaliza hata kunawa, mtoto wa jirani yao alikuja mbio kwa baiskeli: uchungu umeanza, mkunga wa mtaa ameitwa. Nikajikuta nyuma ya mkwe, juu ya pikipiki ile ile, nimeshika chuma kwa vidole viwili, natazama kiti kilichobana kishikio changu. Njia nzima harufu ya vidanji ilikuwa inapiga uso wangu.

Nyumba ilikuwa chafu. Ningekosea kuificha. Mwanamke mwenye tumbo zito hawezi kusugua, na mwanamume yule anajua simenti tu. Sahani za jana, maji ya kuoshea yenye utando, mende mmoja anatembea kwa starehe juu ya mkate. Chumbani binti yangu aliniita, "Mama!" na mimi nilipita jikoni kwenda kwake, na hapo nikasimama.

Ukuta ulikuwa umekwisha. Pale palipokuwa na mabati palijaa matofali mapya, msonge ndani ya mraba, mraba ndani ya msonge, na jua la alasiri lilikuwa linapita na kuchora vipande vya mwanga kwenye sakafu ile chafu, juu ya zile sahani, juu ya miguu yangu. Nilikuwa msichana wa beseni la samaki tena. Halafu niliona kona.

Kona ya chini ya tofali, upande wa kushoto, mstari haukufunga. Nilikumbuka mara moja. Siku ile nafuma, sombe ilianza kuungua, nikaruka, na niliporudi nilikuwa nimepoteza vitanzi viwili. Niliona, nikasema, nani atatazama, kitakaa chini ya sufuria. Na sasa kila tofali lilikuwa na kona ile ile mbovu, kwa saruji, juu mpaka chini. Niliangalia kazi yangu mwenyewe na nikasikia kinyaa kile kile.

Mkwe, aliyeingia nyuma yangu, aliona ninapotazama.

"Nilifuata vile uliweka, mama," alisema kwa woga. "Niliwaza njo modeli. Kama iko mubaya, ninavunja, ninafanya ingine."

Na tayari alikuwa ameinama, ametoa nyundo chini ya meza. Ile ile, nadhani, nzito, yenye mpini uliong'arishwa na mikono. Binti yangu alilia tena chumbani, na mkunga akaita maji ya moto.

"Weye," nilisema, na hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mkwe wangu uso kwa uso, "usivunje kintu tena."

Aliiweka nyundo chini. Maji yalikuwa yanachemka kwenye babula, sufuria kubwa, na nilizunguka jiko lile lote nikitafuta cha kuishikia. Vishikio vyangu vilikuwa chini ya vyombo vichafu, vimeganda bukari, na kile kikubwa kilikuwa dirishani, cheusi, kinanuka. Binti yangu akapiga kelele. Nikakunja pindo la kitenge changu, kitenge nilichokuja nacho juu ya pikipiki ile, nikainua sufuria na kuingia chumbani.